Kuunganisha kompyuta yako mwenyewe kwa mara ya kwanza

Dadangu huamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri. Pesa zake ni za mahamri na mbaazi, shilingi juu ya shilingi. Mwaka juzi alikusanya akamnunulia mwanawe kompyuta ya mezani, maana kijana amejifunza kuhariri video za harusi na watu walishaanza kumwita. Kompyuta ile ilikuwa na stika ya i7 mbele. Muuzaji akaapa kwa Mola wake. Miezi minne baadaye stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa moshi. Nilipoifungua nilikuta prosesa ya i3, na pawasaplai nyepesi kama kopo tupu. Stika ilibandikwa tu.

Mwaka huu amekuja tena kwangu na bahasha. "Kaka, hii ni elfu themanini. Ni amana. Safari hii sinunui stika. Kaa na mwanao muiunganishe wenyewe, mjue kilichomo ndani."

Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya umeme wala kompyuta. Lakini amana ni amana. Mimi na mpwa wangu tulisoma kwa wiki tatu, tukanunua vifaa kimoja kimoja, na tukaviunganisha kwa siku moja ya Jumamosi. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu, ili atakayefuata asianze gizani.

Kuunganisha si kutengeneza

Watu wengi huogopa kwa kudhani kazi hii yataka kuchomelea nyaya. Sivyo. Hakuna kinachochomelewa. Kila kifaa kimeshatengenezwa kiwandani, kazi yako ni kuchagua vinavyokubaliana na kuvikalisha mahali pake. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981 ilitumia vifaa vingi vya makampuni mengine, na hilo likafungua mlango wa watu wengine kuunda mashine kama hiyo. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, kinachopanga ukubwa wa madabodi, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la plagi za umeme. Ndiyo maana hadi leo madabodi ya kampuni moja hukaa ndani ya kasha la kampuni nyingine bila ugomvi.

Je, ni rahisi kibei? Nitasema kweli: si lazima. Kama kazi yako ni kuandika barua, kupiga hesabu za duka na kusoma habari, kompyuta ya mitumba ya ofisini iliyo nzima itakutosha na itakugharimu pungufu. Kuunganisha kunafaa kwa mwenye kazi nzito, kama video, picha, ramani za nyumba au michezo, na kwa anayetaka kubadilisha kifaa kimoja kimoja miaka ijayo badala ya kutupa mashine nzima.

Vifaa utakavyohitaji

*Prosesa.* Huu ndio ubongo. Sisi tulichukua AMD Ryzen 5 5600G. Ina viini 6, imekadiriwa wati 65, na muhimu zaidi ina uwezo wa picha ndani yake, kwa hivyo hatukuhitaji kununua kadi ya picha mara moja. Tahadhari hapa: Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haina picha, na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni pia hazina. Ukinunua hizo bila kadi ya picha, skrini yako itabaki nyeusi hata kila kitu kiwe kizima.

*Madabodi.* Huu ndio ubao unaounganisha vyote. Soketi yake lazima ilingane na prosesa. 5600G hukaa kwenye soketi ya AM4. Ryzen za kuanzia 7000 hukaa AM5. Intel nazo zina soketi zao. Mtego uko hapa: soketi yaweza kulingana na bado mashine isiwake, kwa sababu programu ya ndani ya madabodi, yaani BIOS, ni ya zamani na haiijui prosesa mpya. Madabodi iliyokaa sana dukani huwa hivyo. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza madabodi, tafuta orodha ya prosesa inazokubali na toleo la BIOS linalohitajika, kisha muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.

*RAM.* Kwa video usishuke chini ya GB 16. Angalia kama madabodi yataka DDR4 au DDR5. Urefu wake ni sawa, lakini pengo lililo chini limewekwa mahali tofauti, kwa hivyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Ni bora kununua mbili za GB 8 zinazofanana kuliko moja ya GB 16, kwa kuwa mbili hufanya kazi sambamba na mashine huwa nyepesi zaidi, hasa ile inayotumia picha ya prosesa.

*Hifadhi.* Chukua SSD ya NVMe, ile nyembamba kama ubao wa peremende. Nyingi huandikwa 2280, maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Kuna nyingine inayofanana nayo lakini ni ya SATA, na ni ya polepole zaidi, basi soma maandishi. Tenga pia pesa za diski ya nje ya kuweka nakala. Harusi hairudiwi. Ukipoteza video ya watu, huna la kuwaambia.

*Pawasaplai.* Nitaieleza kwa urefu hapa chini.

*Kasha.* Lingane na ukubwa wa madabodi, liwe na matundu ya hewa mbele, na liwe na angalau feni moja nyuma. Vioo na taa za rangi ni mapambo.

*Feni ya prosesa.* 5600G ya kwenye boksi huja na feni yake. Nyingine huuzwa bila feni, basi uliza.

Skrini, kibodi na mausi tulitumia vile vya zamani. Moshi haukuvifikia.

Usibane pesa kwenye pawasaplai

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na ndipo pesa za kwanza za dadangu zilipoungulia. Mtu hununua prosesa ya bei, kisha anachukua kasha linalouzwa pamoja na pawasaplai ya bure ndani, iliyoandikwa wati 500. Wati zile mara nyingi ni za kwenye karatasi tu. Stima yetu ni ya volti 240, lakini sote tunajua jinsi inavyopanda na kushuka. Pawasaplai mbovu ikifa huweza kuondoka na madabodi na diski.

Tafuta yenye alama ya 80 Plus. Alama hiyo hupima jinsi inavyotumia umeme bila kuupoteza kwa joto. Peke yake si dhamana ya kila kitu, lakini vile vya ovyo kabisa kwa kawaida havina. Tafuta jina la kampuni inayojulikana na waranti ya miaka kadhaa. Ishike mkononi, nzito ni dalili njema. Kwa mashine kama yetu wati 450 hadi 550 ni za kutosha na kubaki. Ukiona kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230, hakikisha kimewekwa 230 kabla ya kuchomeka. Na usiifungue pawasaplai hata siku moja. Ndani yake hubaki umeme wa kuua hata ukishaichomoa ukutani.

Kwetu, pawasaplai na UPS pamoja vilikula karibu robo ya pesa zote. Mpwa wangu alinuna, yeye alitaka kadi ya picha. Nikamwambia kadi itakuja na malipo ya harusi, lakini msingi hauongezwi baadaye.

Kununua bila kuchezewa

Vifaa vingine tulivipata hapa Mombasa mjini, vingine tuliagiza Nairobi vikaja kwa basi. Mambo haya yalitusaidia.

Andika orodha kwa jina kamili na namba kamili ya kila kifaa. "Ryzen 5" si jina, ni ukoo. Muuzaji akikuambia "hii ni ile ile tu", soma boksi.

Boksi liwe limefungwa. Namba iliyo kwenye boksi iandikwe kwenye risiti. Soma risiti yenyewe, maana nyingi zina maneno kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Uliza kabla ya kulipa: kikiwa kibovu, nakirudisha kwa nani na ndani ya siku ngapi?

Kama ni cha mitumba, kione kikifanya kazi mbele yako. Prosesa ya mitumba si mbaya, kwa kuwa prosesa haichakai upesi. Pawasaplai ya mitumba usiiguse.

Nunua vyote ndani ya muda mfupi. Ukinunua kimoja Rajabu na cha mwisho Dhulhija, utakapogundua cha kwanza ni kibovu waranti itakuwa imekwisha.

Siku ya kuunganisha

Utahitaji bisibisi ya nyota ya kati, meza ya mbao, mwanga wa kutosha na bakuli dogo la kuwekea skrubu. Usifanyie kazi juu ya zulia. Umeme tuli wa mwilini huweza kuua kifaa bila wewe kuhisi. Unyevu wa Pwani unatupunguzia hatari hiyo, lakini haiishi. Kabla ya kushika kifaa, gusa chuma kitupu cha kasha. Shika vifaa kwa kingo zake.

1. Weka madabodi juu ya boksi lake. Inua mkono wa soketi. Tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa, ilinganishe na alama ya soketi, kisha iache prosesa ishuke kwa uzito wake. Usiikandamize. Kwenye AM4 vipini viko chini ya prosesa, na kimoja kikipinda ni msiba. Kwenye AM5 na Intel za sasa vipini viko ndani ya soketi, na hapo usiguse kabisa. Rudisha mkono chini.

2. Ingiza RAM. Kama ni mbili na nafasi ni nne, kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Fungua vishikizo, linganisha pengo, kandamiza pande zote mbili mpaka isikike "ta!". Kumbuka sauti hii, nitairudia.

3. Ingiza SSD kwa mshazari, ilaze, kisha ifunge kwa skrubu yake ndogo. Skrubu hiyo huja kwenye mfuko wa madabodi, usiutupe.

4. Funga feni ya prosesa. Kama feni yako ni ya skrubu nne, kama ile yetu, toa kwanza vishikizo vya plastiki vya madabodi, huku umezuia bamba la nyuma lisianguke. Chini ya feni huwa na dawa ya kupitisha joto iliyopakwa tayari. Usiiguse. Kama haina, weka kiasi cha punje moja ya mbaazi katikati ya prosesa. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu. Chomeka waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN.

5. Jaribu nje ya kasha. Chomeka plagi kubwa ya pini 24 na ile ya pini 8 iliyo karibu na prosesa. Unganisha skrini kwenye madabodi. Washa swichi ya nyuma ya pawasaplai, kisha gusisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili za swichi ya kuwashia. Kitabu cha madabodi kinazionyesha. Umeme wa hapo ni mdogo, hautakudhuru.

6. Ikiwaka, izime, ichomoe, ndipo uiingize kwenye kasha. Weka kwanza kile kibati cha nyuma. Hakikisha vinguzo vidogo vya shaba vimekaa sawasawa na matundu ya madabodi, na hakuna cha ziada. Kinguzo kikigusa ubao mahali pasipo na tundu, unaweza kupata shoti.

7. Malizia nyaya. Zile ndogo za swichi na taa za mbele ndizo zenye kusumbua. Fuata mchoro wa kitabu. Waya wa swichi hauna mbele wala nyuma, wa taa unayo. Feni ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma iitoe.

Ilipokataa kuwaka

Ilikuwa baada ya laasiri tulipoijaribu. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi tii. Tukangoja. Nyeusi. Dadangu alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ina unga. Hakusema neno, na heri angesema.

"Mjomba, tumeiunguza?" kijana akauliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nataka kumjibu hapana, lakini sikuwa na hakika. Nikazima, nikachomoa, nikanywa maji. Kisha tukarudi kwenye orodha hatua kwa hatua. Tulipofika kwenye RAM tukaona: upande mmoja kishikizo kilikuwa hakijafunga. Nilisikia "ta!" moja nikadhani zimetosha. Tukakandamiza tena. Ta! Tukawasha, na maandishi yakaja. Dadangu alisema Alhamdulillahi akarudi jikoni.

Likikupata kama hilo, usianze kulaumu kifaa. Pitia hivi.

Haina uhai kabisa: angalia swichi ya nyuma ya pawasaplai, plagi ya pini 24, na waya wa swichi ya mbele.

Feni zazunguka, picha hakuna: angalia plagi ya pini 8, kisha kalisha RAM upya, kisha jaribu RAM moja moja. Kama una kadi ya picha, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Kama bado, shuku BIOS ya zamani. Madabodi nyingi zina vijitaa vya CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha penye shida. Wenye DDR5 wangoje dakika kadhaa mara ya kwanza, kwa kuwa mashine huwa inaipima RAM.

Yawaka kisha yajizima: feni ya prosesa haikukaza, au kuna karatasi ya plastiki ilisahauliwa chini yake.

Programu

Ingia BIOS, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2. Angalia joto la prosesa na kama RAM yote imeonekana. Washa mpangilio wa XMP au DOCP ili RAM ifanye kazi kwa kasi uliyoilipia.

Baada ya hapo ni kuchagua. Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yataka TPM 2.0, ambayo kwenye prosesa kama yetu imo tayari na huwashwa ndani ya BIOS. Ubuntu na Linux Mint ni za bure na za halali, na Kdenlive ya kuhariri video ni ya bure pia. Wanaouza Windows ya wizi kwa mia mbili kwenye flashi wapo tele. Mimi nasema tusianze riziki ya kijana kwa mali ya kuiba, na mara nyingi ndani ya flashi ile mna virusi.

Stima, chumvi na kitambaa

Vitabu vya mwongozo vimeandikwa na watu wasiokaa Mombasa. Haya ni yetu.

Tumia UPS. Si ya kukuwezesha kufanya kazi saa nzima gizani, ni ya kukupa dakika chache uhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Wakati wa masika, radi zikianza, chomoa ukutani kabisa.

Usiiweke karibu na dirisha linalotazama bahari. Upepo wa kusi huleta chumvi, na chumvi na unyevu hula chuma. Mashine isikae wiki nyingi bila kuwashwa, joto lake ndilo hufukuza unyevu. Iinue kutoka sakafuni. Kila baada ya miezi mitatu ipulizie vumbi ikiwa imezimwa, huku umezishika feni zisizunguke.

Na mwisho, kitambaa. Nyumba zetu kila chombo hufunikwa kitambaa cha kudarizi, televisheni, redio, hata mtungi. Siku ya tatu nilimkuta dadangu ameifunika kompyuta ikiwa inafanya kazi, matundu yote yamezibwa. Nilimweleza kwamba inapumua. Tukakubaliana kitambaa ni cha wakati imezimwa na imepoa.

Jambo moja la mwisho ndilo nalowasihi wote. Andikeni kwenye karatasi jina la kila kifaa, tarehe na duka mlilonunua, kisha ibandikeni ndani ya kifuniko cha kasha, na risiti ziwekwe kwenye bahasha moja. Mpwa wangu aliiandika kwa mwandiko wake na kumsomea mamake, kifaa baada ya kifaa na bei yake, mpaka hesabu ikafika elfu sabini na nane. Mia mbili zikawa nauli ya basi la vifaa, na elfu moja na mia nane zilizobaki nikamrudishia.